Wati za Kumtosha Bibi Anastazia

Siku tuliyomzika Fundi Laurenti, vijana wa mtaa wa Gungu walileta spika mbili zenye urefu wa mlango, wakazisimamisha pembeni mwa turubai, zote mbili zimemwelekea mjane. Nilikaa pale na kikombe changu cha chai, mkono mmoja kifuani, maana kila kwaya ilipoanza kuimba nilihisi mbavu zinatikisika. Nikamwita kijana aliyesimamia muziki, nikamuuliza amefungua wati ngapi. Akanijibu kwa furaha kwamba amplifaya imeandikwa elfu tatu, shangazi, na bado hajaifikisha nusu. Nikamwambia apunguze mpaka mjane aweze kumsikia mtu anayempa pole. Alinitazama kama mtu aliyeombwa apunguze maji ziwani, lakini alipunguza. Marehemu angecheka. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kumuuliza mteja anataka wati ngapi. Alimuuliza nani atasikiliza, na atakuwa amekaa wapi. Mimi nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi, na bado kuna hesabu moja tu inayonipa aibu hadi leo. Niliifanya chini ya paa la fundi huyo, mwaka mmoja nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na niliifanya vizuri kabisa.

Mwaka ule ziwa lilikuwa linaleta watu. Nasema mwaka ule kwa sababu kwangu ulikuwa mmoja, ingawa najua liliwaleta kabla na likaendelea kuwaleta baadaye, kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya Kongo. Walishuka kwenye maboti na magodoro yaliyolowa, masufuria, watoto migongoni. Wakaandikishwa, wakapandishwa malori, wakapelekwa kambini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nikapewa vipindi vya muda katika shule moja ya Gungu. Nilipanga chumba kwa Fundi Laurenti, ambaye naye aliletwa na ziwa hilohilo miaka mingi nyuma, katika wimbi la kwanza la Warundi. Alikuwa ameoa hapa, ana makaratasi yake, na Kiha chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa kimenyooka hata watu wa Kasulu walimdhani ndugu yao. Ukuta mmoja tu ulitenga chumba changu na karakana yake, kwa hiyo nilisahihisha mitihani huku nanusa moshi wa risasi ya kuungia waya inayoyeyuka na kusikia redio zinafufuka moja baada ya nyingine. Jioni tulikula pamoja uani: ugali wa muhogo, samaki aina ya mgebuka aliyepikwa kwa mawese hadi vidole vinabaki vyekundu. Mkewe, Mama Devota, alipika kila siku kwa watu wawili zaidi ya tuliokuwepo. Kwetu chakula kinachowatosha waliopo tu ni fedheha. Sufuria ikikwanguliwa kabla mgeni hajatokea mlangoni, mwenye nyumba anaona haya mbele ya watoto wake. Nimelelewa hivyo, na sikujua kwamba tabia hiyo ya sufuria nilikuwa nimeihamishia hata kwenye hesabu.

Wateja wa fundi walikuwa darasa langu la pili. Nakumbuka mvuvi mmoja wa Mwamgongo, mtu mnene mwenye saa ya dhahabu, aliyekuja kudai amplifaya ya sebuleni iliyo kubwa mara mbili kuliko ya jirani yake. Fundi hakubishana naye. Alimkalisha kwenye kigoda, akawasha spika kwa wati tano, kisha akaongeza hadi kumi, akamuuliza kama sauti imekuwa mara mbili. Mvuvi akasema imeongezeka kidogo tu. Ndipo fundi akamweleza, kwa ule upole wake wa mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba sikio haliambiki kirahisi: ukitaka likiri sauti imekuwa mara mbili, wati inabidi ziwe karibu mara kumi, na betri itakufa kabla jirani hajaudhika. Lakini ukisogeza kiti chako hadi nusu ya umbali, umepata bure kile ambacho ungekinunua kwa wati mara nne. Mvuvi aliondoka na amplifaya ya wati kumi na agizo la kuhamisha kiti. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nacheka, na baada ya wiki kadhaa za kucheka nilitoka nikaanza kumsaidia hesabu. Mimi nilikuwa na kanuni za kitabuni, yeye alikuwa na hatua zake. Alikuwa na njia ya kupima ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: alimweka msikilizaji ukutani, akafungua kitabu cha sala, akawa anasoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka huku anarudi nyuma, na pale msikilizaji alipoinua mkono kwamba hasikii tena, alichora mstari wa chaki sakafuni. Sakafu ya karakana ilijaa mistari hiyo. Mwanzoni niliiona ni ushamba, kisha nikaikokotoa, nikakuta inakubaliana na kitabu changu vizuri mno kiasi cha kuniudhi.

Bibi Anastazia aliletwa na Mama Devota kutoka kanisani, siku ya Jumamosi, mchana, amejifunika kitenge hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imepasuka kwa kumenya muhogo, na alikuwa karibu kiziwi. Masikio yake yote mawili yalikuwa yakitoa usaha tangu safari ya ziwani. Muuguzi alikuwa amempa dawa na kumkataza kuingiza kitu chochote ndani, kwa hiyo kile kisikilizio kidogo cha kuchomeka sikioni hakikuwezekana. Alizungumza kwa sauti ya juu, kama wanavyofanya viziwi, halafu alijishtukia akaziba mdomo kwa kitenge. Kidogo kidogo, kwa Kirundi ambacho Mama Devota aliufunga mlango kwanza ndipo akamruhusu akiseme, tuliipata habari yake. Walipokuwa wakikimbia, mwanawe alimwambia wakipotezana amsubiri Ujiji, kwa sababu Ujiji kila mtu anaujua, na kambi hakuna ajuaye zitakuwa wapi. Wakapotezana ufukweni, watu wakigombea boti. Yeye alivuka, akakwepa malori, akapanga chumba Ujiji, na kila alipoulizwa alisema ni Muha wa Manyovu. Wakimbizi walitakiwa kukaa kambini. Aliyekutwa mjini bila kibali alibebwa. Akibebwa, mwanawe akija Ujiji hatamkuta. Na kulikuwa na kituo cha redio kilichokuwa kikisoma, mara tatu kwa wiki saa kumi alasiri, majina ya watu wanaotafutana. Alikuwa na redio ndogo. Aliiweka shavuni, akaifungua hadi mwisho, akasikia mkwaruzo tu.

Mama Devota akamwambia amtajie jina la mwanawe, sisi tutamsikilizia. Bibi akakataa. Fundi naye akajaribu, akamkumbusha kwamba wote tuliokuwa pale ni watu wa ndani. Akatikisa kichwa, akatuambia kwa heshima kubwa kwamba waliomkimbiza mwanawe nao wamevuka ziwa, wako kambini, wako sokoni, huenda wako kanisani, na jina likishatoka mdomoni halina mwenyewe. Atasikiliza kwa masikio yake, kama Mungu atamjalia. Wakati ule nilimwona ni mkaidi. Leo nafikiri lile jina lilikuwa kitu pekee alichofanikiwa kukivusha bila kulowa, na hakuwa tayari kumkabidhi mtu amshikie hata kidogo.

Basi fundi alimweka ukutani akafungua kitabu cha sala. Mimi nilisimama kando ya bibi kuwa kipimo cha masikio mazima. Kwa sauti ile ya chini ya fundi, mimi niliinua mkono akiwa amefika hatua ya kumi na mbili, karibu na mlango. Bibi aliinua mkono hatua moja na nusu. Fundi akachora mistari yake miwili, akanitazama ili niikokotoe, nami nikaikokotoa papo hapo kwa majivuno: anahitaji kusogelewa mara nane, nane kwa nane ni sitini na nne, kwa hiyo anahitaji wati mara sitini na nne kuliko mimi. Redio ndogo, mtu mzima akiisikiliza kwa starehe chumbani, inatumia sehemu kama ya ishirini ya wati moja. Zidisha: wati tatu na kidogo. Fundi akasema, "Tatu. Zisizidi tatu." Nikamwambia kitabu kinataka tuache nafasi ya juu, kwa sababu sauti ya mtu haiendi tambarare, kuna maneno yanayopanda, na amplifaya iliyobanwa itayakwaruza. Akakubali kwamba itayakwaruza. Akasema bibi atauvumilia mkwaruzo. Kisha akanieleza jambo ambalo ningelisikia kama ningekuwa na masikio: voliumu itakuwa mkononi mwa mtu asiyesikia. Atazungusha mpaka atosheke, na hatajua imefika wapi nje. Kwa hiyo kizuizi hakiwezi kuwa kwenye kitufe. Lazima kiwe ndani ya amplifaya yenyewe, ili hata akifungua yote, sauti iishie chumbani. Spika aiweke kwenye mto, karibu na kichwa, wala isiwe ng'ambo ya chumba.

Nilimwelewa, na sikumwelewa. Usiku na mchana wa wiki ile nilikuwa na picha moja kichwani, ya bibi kizee ambaye amengoja miezi, halafu jina la mwanawe linasomwa, na linasomwa kwa sauti iliyopasuka kwa sababu sisi wenye vyuma vyote hivi tulimpimia kwa kijiko. Niliona aibu mapema. Kisha fundi akashikwa na malaria, ile ya kutetemesha kitanda, na kazi ikabaki mezani nusu. Hakuna aliyenituma. Kwenye rafu kulikuwa na amplifaya ndogo aliyoianza, na pembeni yake ubao mzuri wa saketi uliotolewa kwenye mashine ya zamani ya santuri, wa wati kumi na tano. Nikaketi na daftari. Tatu na kidogo. Mara mbili kwa ajili ya maneno yanayopanda. Mara mbili tena kwa ajili ya akiba, maana mtu hawezi kujua masikio yatakuwaje mwezi ujao. Kumi na tatu. Ule wa kumi na tano unatosha na kubakiza. Nikahesabu na betri ya gari: nusu saa, mara tatu kwa wiki, hata fundi asipoichaji kwa mwezi mzima itabaki na nguvu. Kila kitu kilikaa sawa kwenye karatasi. Nilikuwa nimempikia bibi sufuria kubwa.

Chumba chake kilikuwa katika nyumba ya Bi Zamda huko Ujiji, nyumba ndefu ya kizamani yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Bi Zamda alikuwa mjane mwenye kauli za mkato, aliyejua nani ameingia na nani ametoka bila kuinua macho kwenye mkeka anaosuka. Alinikaribisha, akatazama betri niliyokuwa nimesaidiwa kuibeba, hakuuliza. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, jiko la mkaa, na harufu ya muhogo uliovundikwa. Nilipima sakafu kwa hatua, nne kwa tatu, nikaandika. Nilipiga kuta kwa kiganja, udongo mnene, nikaandika kwamba kuta ni nzuri. Sikutazama juu. Watu wa hapa tumekulia katika nyumba hizo hata hatuuoni tena ule uwazi: ukuta wa chumba unapanda kupita kichwa cha mtu, unaishia hapo, na juu yake vyumba vyote vinagawana hewa moja chini ya bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, unapewa pole kutoka chumba cha sita. Nililijua hilo tangu utotoni, na halikuingia kwenye daftari. Nikaunganisha waya, nikaweka spika juu ya ndoo ng'ambo ya chumba, kwa sababu ilipendeza pale, nikafungua kidogo. Ilikuwa saa ya muziki. Bibi aliweka viganja vyote viwili kwenye boksi la spika, akafumba macho, akatabasamu. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, na akanilazimisha kula muhogo wa kuchemsha aliokuwa amejiwekea yeye. Nilirudi Gungu nikiwa na furaha kuliko siku nilipopata matokeo ya kidato cha sita.

Kilichotokea kesho yake saa kumi nilikisikia kwa watu. Bibi alifunga mlango, akazima jiko, akawasha. Akazungusha mpaka akasikia, na aliposikia vizuri akazungusha zaidi, kama ambavyo kila mtu mwenye njaa angefanya. Majina yakaanza kusomwa kwa Kirundi, baba fulani, kilima fulani, anamtafuta fulani, na yakapanda juu ya kuta, yakashuka vyumba vitano, yakatoka barazani, yakawakuta wanawake waliokuwa wanachambua mchele na mzee aliyekuwa anajiandaa kwenda msikitini. Walinyamaza wote. Aliyenisimulia alisema walinyamaza kwa sababu ni majina ya watu, na mtu hawezi kuendelea na umbea wakati yanasomwa. Lakini bibi, kipindi kilipokwisha, alifungua mlango akakuta ukumbi mzima umesimama, nyuso zote zimeelekea kwake. Hakusikia neno lolote walilomwambia. Aliona nyuso tu. Alfajiri, kabla adhana haijaisha, alikuwa ameondoka na kifurushi chake, na redio, betri na ule ubao wa wati kumi na tano vilikuwa vimebaki vimepangwa vizuri kitandani, vimefunikwa kitambaa.

Nilikwenda kumwambia Fundi Laurenti nikilia. Alikuwa amekaa kitandani, macho ya manjano, bakuli la uji mikononi. Aliomba kuona daftari. Alilisoma lote, taratibu, kidole kikifuata kila mstari, na mimi nilitamani anitukane. Hatimaye akasema, "Hesabu iko sawa. Lakini umemhesabia mtu anayetaka kusikia. Yeye alitaka kusikia bila kusikiwa." Akanirudishia daftari, akaomba maji. Hakulitaja tena jambo hilo maishani mwake, hata miaka ya baadaye nilipolitaja mimi kwa makusudi ili anisamehe kwa maneno. Nadhani kwake lilikuwa limekwisha. Kwangu halikuwa limekwisha, maana bibi alikuwa ameuacha Ujiji, mahali pekee ambapo mwanawe angemtafuta, na mimi ndiye niliyemfukuza, kwa ukarimu.

Nilikwenda kwa Bi Zamda kuomba radhi na kuchukua vyombo. Alikuwa kwenye mkeka wake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kweli nilidhani walikuwa hawajui. Wiki ya kwanza tu, alisema, bibi aliwasalimu "amahoro" ya Kirundi akiwa na usingizi, na Muha gani wa Manyovu anashtuka hivyo akisikia gari linasimama? Mgambo walipopita mara mbili wakiuliza wageni, Bi Zamda aliwaambia yule ni mama mkwe wake. "Tulijua sote, mwalimu," akasema. "Tulinyamaza ili asijue kwamba tunajua. Tulidhani ndiyo heshima." Akatazama chini, akasuka mistari miwili mitatu. Nikaona kwamba nyumba nzima ilikuwa imebeba aibu kama yangu. Mwanamke mmoja muuza samaki alikuwa amemwona bibi akipanda boti la kwenda kusini, upande wa Ilagala. Nilipoinama kung'oa waya za betri, Bi Zamda akanizuia. Akasema viache palepale. Siku tatu kila wiki, saa kumi, atakiwasha mwenyewe, na chumba cha nne kuna Muha anayekielewa Kirundi. Atasikiliza kama kuna mama anayefanana na huyu.

Wiki iliyofuata aliyenijia shuleni alikuwa Bi Zamda mwenyewe, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mwanamke ambaye sijui mara ya mwisho alitoka lini Ujiji. Nilimwacha mwalimu mwenzangu na darasa. Alisema jana limesomwa jina, Anastazia, mama, wa pwani ya Rumonge, aliyepotezana na mwanawe wakati wa kupanda boti, aliyeambiwa asubiri Ujiji. Ila yule wa chumba cha nne alikuwa amechanganya jina la anayemtafuta na jina la kambi, na hataki kuapa. Nilisubiri kipindi cha redio kilichofuata nikiwa nimesimama katika ukumbi ule pamoja nao wote. Bi Zamda alifungua voliumu hadi mwisho. Wati kumi na tano zilijaza nyumba, na safari hii hakuna aliyeziogopa. Majina yanayorudiwa yalisomwa mwanzoni, na lake lilikuwa la tatu. Mtoto anaitwa Butoyi. Yuko hai, yuko kambini, upande wetu wa ziwa. Ndivyo nilivyolijua jina lile, kwa redio, kama mtu baki yeyote.

Fundi alikuwa bado dhaifu, kwa hiyo nilipanda boti la Ilagala peke yangu, katikati ya magunia ya chumvi na wanawake wanaokwenda kununua dagaa. Njia nzima nilikuwa najizoeza namna ya kumwambia. Nilipanga nimwite pembeni, nimkalishe, nimwambie sikioni taratibu jina ambalo alilificha miezi yote, kwa sauti inayomtosha yeye tu. Nilikuwa nimejifunza, si haba. Tulifika asubuhi ya jua kali, upepo unavuma kutoka ziwani, mashine za maboti mawili zinanguruma pale ufukweni kwa sababu mtu alikuwa anazijaribu. Mchanga wote ulikuwa umetandazwa dagaa, na wanawake kama thelathini walikuwa wamechutama wakiwageuza. Nilimtambua kwa kitenge. Aliponiona, alisimama akaanza kuondoka, haraka kadiri miguu yake ilivyoweza, akinyanyua nguo ili asikanyage samaki wa watu, kwa sababu alidhani nyuma yangu kuna waliokuja kumchukua.

Nilimkimbilia nikamshika mkono. Nikamwonyesha ufukwe nyuma yangu, kwamba niko peke yangu. Walionana yeye na mwanawe baadaye, kambini, baada ya taratibu ndefu za makaratasi, na mimi sikuwepo, kwa hiyo siwezi kuwasimulia. Hili ndilo nililoliona. Nilisogeza mdomo kwenye sikio lake la kushoto, lile lenye nafuu, nikamwambia kwa sauti ile niliyoipima. Akatikisa kichwa. Upepo uliichukua, na mashine zile. Nikapandisha. Akanitazama midomo, akashika shavu langu kwa kiganja chenye magamba ya dagaa, akatikisa kichwa tena, na nikaona anaanza kulia kwa sababu alifahamu kwamba ni habari na haiwezi kumfikia. Wanawake walikuwa wameacha kazi wanatutazama. Sikujua ni akina nani, wametoka wapi, nani kati yao ana ndugu aliyemkimbiza nani. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikapaza sauti hadi koo likaniuma, mbele ya ufukwe mzima.

"Butoyi yuko hai! Butoyi! Anakutafuta!"

Mtu mmoja alizima mashine, halafu wa pili naye akazima. Bibi Anastazia alisimama pale, mdomo wazi kidogo, mkono bado uko shavuni mwangu. Kwenye ukimya ule ningeweza sasa kumwambia polepole, lakini hakuhitaji.

"Nimesikia," akasema. Kisha akanigeuzia lile sikio lingine, baya zaidi, akalivuta mbele kwa vidole. "Sema tena. Sema vilevile, kwa nguvu."